Baiskeli Isiyokwenda

Siku ya kwanza kabisa ya mazoezi fizio alimwuliza mama mkwe wangu goti jipya analitaka la kufanyia nini. Hakuhitaji kufikiri. "Kukamua," alisema.

Fizio, binti mwenye sauti ya upole na mikono ya fundi wa gereji, akaandika katika faili: lengo, kukamua ng'ombe. Kisha akatoa chombo chake cha kupimia, rula mbili za plastiki zilizoshikanishwa kwa pini moja, akakilaza ubavuni mwa goti lililokuwa bado na alama za nyuzi. Akasoma, "Sitini na nane."

"Kati ya mia?" Mama aliuliza.

"Si maksi, Shosho, ni digrii. Ukitaka kukaa kwenye kigoda cha kukamulia, tutafute mia na kumi, mia na ishirini."

Mama alinigeukia akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga mtihani.

Ilikuwa Novemba 2023, mwezi wa mvua za El Niño, na njia ya kutoka kwenye jengo letu hadi lami ilikuwa uji mtupu. Mama alikuwa amelivumilia goti la kulia miaka kumi na kitu, akilipaka kila dawa inayouzwa na wachuuzi wa ndani ya matatu, hadi eksirei ilipoonyesha mfupa ukisagana na mfupa. Watu wa kwao, mifupa ikishindikana, hutaja hospitali za Kikuyu na Kijabe. Yeye alifanyiwa upasuaji mahali pengine na mambo yakaenda salama, kwa hiyo tusikawie huko. Upasuaji ulikuwa kazi ya saa chache. Yaliyofuata ndiyo yaliyotutoa jasho. Kwake Gatundu hapakuwa na wa kumwangalia ila kijana wa ng'ombe. Kliniki ya mazoezi iko Thika, sisi tuko Ruiru, kilomita ishirini hivi kutoka hapo. Mke wangu akaamua peke yake, akamleta kwetu: ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, vidato 48. Nimevihesabu vidato hivyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu pesa zangu.

Kanuni ya ngazi aliyotoka nayo hospitalini ilikuwa fupi. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, utangulie mbovu. Mama aliikataa papo hapo. Mguu uliogharimu pesa zote zile, wenye chuma kipya ndani, uitwe mbovu? Akaibatiza miguu upya. Wa kushoto akauita Mwenyeji, wa kulia Mgeni. Kupanda, mwenyeji hutangulia kufungua mlango. Kushuka, mgeni hutangulia na mwenyeji humsindikiza. Fizio alipoyasikia hayo alicheka hadi akaweka rula chini, na baadaye tulimsikia akimfundisha hivyo hivyo mzee mmoja wa kitanda cha pili.

Jumatatu na Alhamisi tulikuwa na safari. Magongo mkononi, mfuko wa plastiki juu ya kila kiatu kwa sababu ya tope, kisha matatu ya Thika, ambayo kidato chake cha kwanza kilikuwa juu kuliko ahadi zote za fizio. Makanga alikuwa na haraka yake ya kuzaliwa nayo. "Mathe, panda basi!" Mama alimtazama, akatia gongo ndani kwanza, akatia la pili, akasimama pale mlangoni katikati kama kizuizi cha polisi. "Huyu mgeni hasukumwi," alimwambia. Gari zima lilingoja. Tulipita Toll, mahali ambapo siku hizi halipishwi mtu, tukapita Juja, Witeithie, Mang'u, na kila tuta lilipokuja alilihesabu kwa Kikuyu, kwa sauti isiyo ya maombi.

Shida kubwa nyumbani ilikuwa mimi.

Mke wangu hufungua duka lake la vitambaa mjini Ruiru asubuhi na kurudi giza likiingia. Mimi ni mhariri, kazi yangu iko mezani, sebuleni. Aliyebaki na mgonjwa, basi, ni mkwe. Nami ni mtu wa Mombasa. Kwetu mkwe huheshimiwa sana, ila Wakikuyu wa rika la Mama wana jambo zito zaidi: haya wanaiita thoni, na kutoka shina hilo hilo wakwe wanaitwa athoni. Jina la Muthoni unalolisikia kila kona ya Kiambu limechipuka hapo. Mkwe, kwa maana nyingine, ni mtu wa kuonewa haya. Sasa mwanamume mzima ashike kisigino cha mama wa mkewe, akisukume kitandani kuelekea kusikotajika? Hata mimi wa pwani niliona halisemeki.

Tukapata mwafaka. Yeye angefanya mazoezi chumbani mlango umerudishwa; mimi ningesimama koridoni na ile karatasi ya mazoezi, nikisoma na kuhesabu. Kukaza paja na kulegeza, mara kumi. Kuburuta kisigino, mara kumi na tano. Kuinua mguu ukiwa umenyooka, mara kumi. Asubuhi, mchana na jioni. Mimi huku nje: "Moja! Shikilia! Legeza! Mbili!" Ndani redio ya Inooro ikiongea, na mwishoni sauti ya Mama: "Tayari!" Jirani wa ghorofa ya chini alimwuliza mwanangu kama baba yake ameajiriwa polisi.

Uvimbe nao ulikuwa na ratiba yake. Barafu dakika 15 hadi 20, taulo katikati, mguu juu. Barafu hatukuwa nayo, ila friji yetu, kama friji nyingi za Kiambu, ilikuwa imejaa pakiti za githeri iliyochemshwa ikagandishwa ingojee wiki. Hakuna kitu kinachojua kulikumbatia goti kama pakiti ya githeri. Mahindi na maharagwe huteleza yakafuata umbo, huku baridi, huku uzito kidogo. Watoto wakaiandikia pakiti moja kwa kalamu nyekundu: GOTI. Ilikaa vizuri wiki mbili hadi Jumapili walipokuja akina mama wa kanisa kumjulia hali. Mke wangu alichota kwenye friji bila kusoma maandishi. Wageni wakala, wakasifu. Kisha mwanangu wa pili, ambaye hana siri hata za usingizini, akauliza kwa sauti, "Mama, Shosho atawekewa nini leo, na hiyo ndiyo ya goti?"

Vijiko vilisimama hewani. Mama mkwe aliangalia sahani yake, akachota tena. "Ilikuwa na taulo," alisema.

Lakini rula haikuwa na mzaha. Kutoka 68 alikwenda 74, kisha 78. Ziara iliyofuata, 78. Iliyofuata tena, 79. Fizio alikunja uso. Akapima na upande wa pili, maana goti haliulizwi tu linakunja kiasi gani, linaulizwa pia linanyooka kiasi gani, na watu wengi hulisahau hili la pili. Lilibakiza digrii 12 kunyooka.

"Nani anamwekea mto chini ya goti?"

Nikaangalia dirishani. Kila usiku nilikuwa namtuma mwanangu na mto laini kuliko yote ya nyumba hiyo, autie chini ya goti la shosho apumzike. Kumbe goti likizoea kulala limekunjwa, tishu za nyuma hufupika, na mtu hukosa kulinyoosha akaja kuchechemea na goti zima la thamani. Mto unapaswa kuwa chini ya kifundo, goti lining'inie lijinyooshe kwa uzito wake lenyewe. Yaani huruma yangu yote ilikuwa imewekwa sentimita arubaini mahali pasipo pake.

Hilo la mto tulilirekebisha siku ile ile. La kukunja lilibaki kitendawili, kwa sababu kwa hesabu yangu mwenyewe alikuwa amefanya mazoezi zaidi ya mia kwa siku. Kitendawili kiliteguliwa na yule yule asiyekuwa na siri. Nilikuwa koridoni, nimefika kumi na mbili kwa sauti ya sajini, akatoka chumbani ameshika mandazi. "Baba, kwani wewe unamhesabia nani? Shosho anakunywa chai."

Nilibisha hodi. Mama alikuwa ameketi kitandani, kikombe mkononi, mguu mgeni umelala kama samaki sokoni.

"Mama, wiki tatu?"

"Baba, hii mguu inauma," alisema. "Na wewe hii hesabu unaipenda. Sikutaka kukukatiza."

Mimi mhariri, nikisikia "hii mguu", hata katika msiba ulimi huniwasha. Nikasema, polepole, "Mguu huu, Mama." Akanijibu bila kuweka kikombe chini: "Wewe hesabu ngeli. Mimi nahesabu uchungu."

Ikabainika pia kwamba vidonge vya maumivu alikuwa akivifunga kwenye kitambaa, avitunze kwa siku itakayokuwa mbaya zaidi. Fizio alimweleza kwa subira niliyokuwa sina. Vidonge hunywewa nusu saa hivi kabla ya mazoezi ili goti likubali kukunjwa, maana kovu la ndani halingoji mtu awe tayari, linajijenga kila siku, na wiki za mwanzo ndizo za kulitangulia. Likishajenga nyumba, goti linagoma, na hapo daktari humrudisha mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji, akalazwa kwa nusukaputi, goti likakunjwa kwa nguvu akiwa hajui. Mama aliuliza kama anayekunja hupima nguvu. Hakujibiwa haraka. Tangu siku hiyo alianza kumeza vidonge.

Usiku huo sikulala, nikasoma. Fundi seremala wa mtaani kwetu alikuwa ameniambia goti ni bawaba tu, linahitaji mafuta. Ndivyo hata madaktari walivyodhani kwa miaka: magoti ya bandia ya zamani yalikuwa bawaba za chuma, yakilegea na kung'oka, kwa kuwa goti la mtu halizunguki kwenye msumari mmoja. Mfupa wa paja hubiringika na kuteleza juu ya wa muundi kwa pamoja. Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa hospitali ya Wrightington huko Uingereza kwa John Charnley, bingwa wa nyonga za bandia, ndiye aliyeunda mwishoni mwa miaka ya 1960 goti lililofuata mwendo huo, chuma kikiteleza juu ya plastiki. Mambo yamesonga mbele tangu hapo, lakini ndani ya mguu wa Mama bado ni ndoa hiyo hiyo, chuma na plastiki. Nilipomsimulia asubuhi alifurahishwa na jambo moja tu. "Kumbe niko na sufuria na jagi."

Katika kliniki kulikuwa na baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda. Fizio alimkalisha, akamwambia asilazimishe kuzungusha: asukume pedali mbele nusu, airudishe nyuma nusu, mbele, nyuma, kama anayebembeleza mtoto. Siku goti litakaporuhusu, pedali itapita juu yenyewe. Mama aliipenda. Ilikuwa mara ya kwanza nione ameifurahia kazi ile, na nikapiga hesabu: dakika kumi mara mbili kwa wiki ni kidogo mno. Kununua yetu ya nyumbani dukani, bei yake ilinirudisha nyumbani kwa miguu. Ndipo nikakumbuka ile Black Mamba.

Marehemu baba mkwe alikuwa ameacha ghalani kwake Gatundu baiskeli ya zamani, nyeusi, nzito kama dhambi, yenye dainamo inayokwaruza gurudumu la nyuma na stendi pana inayoliinua gurudumu hilo hewani. Ukiipandisha stendi, baiskeli haiendi. Ni nini tena unachotaka? Kijana wa ng'ombe aliifunga juu ya Probox pamoja na mkungu wa ndizi, nami nikaipandisha vidato 48 mgongoni, mlinzi wa jengo akinifuata nyuma kuuliza kama mwenye nyumba ana habari. Tuliiegesha sebuleni, kati ya kabati la vyombo na mlango wa jikoni. Fizio hatukumwambia. Tulisema tutamwambia ikifanikiwa.

Kupanda kulikuwa sherehe. Kreti mbili za soda zilikuwa ngazi, mke wangu upande huu, jirani upande ule, Mama ndani ya suruali ya michezo ya binti yake, suruali ya kwanza maishani mwake, na leso juu yake ili suruali isionekane. Kazi yangu ilikuwa kushika usukani ili baiskeli isiyumbe. Hilo sikulifikiria vizuri. Anayeshika usukani kwa mbele hutazamana na anayeendesha uso kwa uso, nusu mita, dakika ishirini. Nilihifadhi dari yetu yote kwa moyo.

Lakini rula ilianza kusogea. 83. 88. Alhamisi ya Desemba 7, 96, na kunyooka kukabakiza digrii nne. Pedali bado haikupita juu. Kila ilipokaribia kilele Mama aliguna, akairudisha. Mbele, nyuma.

Jumapili, Desemba 10, saa mbili hivi za usiku, stima ilipotea nchi nzima. Sisi hatukujua ni nchi nzima. Tulijua ni Ruiru, tukalaani transfoma ya mtaa wetu kama kawaida. Simu yangu ilikuwa imemalizwa chaji na watoto, ya mke wangu ilikuwa dukani, mshumaa ulikuwa kipande cha urefu wa kucha. Na jikoni, juu ya gesi, kulikuwa na chapati.

Gizani nikamsikia Mama akisema, "Nipandisheni."

Tulimpandisha kwa kupapasa. Nikaushika usukani, kwa mara ya kwanza bila haya, kwa kuwa gizani hatuonani. Akasukuma. Dainamo ikakwaruza, na taa ya mbele, ambayo miaka haikuwa imewaka, ikatoa mwanga wa rangi ya chai ukanipita kwapani ukaingia jikoni moja kwa moja. Watoto wakapiga kelele. Akairudisha pedali, gurudumu likapunguza mwendo, taa ikafifia ikafa. Akasukuma, ikawaka.

"Geuza sasa!" nikamwambia mke wangu.

"Ngoja, sioni!"

Mbele, mwanga: tunaona chapati, karai la unga, uso wa mke wangu una unga. Nyuma, giza na harufu ya kuungua. Chapati tatu zilipikwa hivyo, moja ikageuzwa ikaanguka sakafuni na mtu akaikanyaga; hadi leo hatujui nani. Mama alikuwa anahema. Nikamwambia apumzike. Akanijibu kwa Kikuyu kitu nilichofurahi kutokielewa.

Kisha taa ikawaka na haikuzimika.

Mwanzoni sikutambua. Niliona tu kwamba sebule imetulia, kwamba naweza kuhesabu vikombe kabatini. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko. Goti la kulia lilikuwa linapanda, linafika kilele, linapita, linashuka, na la kushoto linafuata, na leso inapepea, na mama mkwe wangu, miaka sabini na moja, alikuwa akitazama mbele kama mtu anayeteremka Gatundu na maziwa. Hakuna aliyesema neno. Dainamo peke yake ndiyo iliyokuwa ikiongea.

"Inaungua hiyo!" Mama akapaza sauti, akainamia mbele kuelekea jikoni.

Stendi za Black Mamba hukunjika ukiisukuma baiskeli mbele. Hilo kila mtu analijua. Stendi ikakunjika. Gurudumu la nyuma, lililokuwa likizunguka kwa kasi yote ya wiki tano, likagusa vigae. Na baiskeli isiyokwenda ikaenda.

Nilikwenda nayo kinyumenyume. Tulipita mlango wa jikoni mimi, usukani, taa na Mama, kwa mpangilio huo, mke wangu akaruka pembeni, na safari ikaishia nilipokalia karai la unga. Baiskeli ikalala upande, taa ikazimika. Gizani nikagundua kwamba nimemkumbatia mama mkwe wangu kiunoni kwa mikono miwili, mila zote za Kiambu zikiwa zimelala chini yetu pamoja na usukani.

"Mama? Umeumia?"

Kimya. Nikahisi anajinyoosha, polepole, mikono yangu ikamwachia.

"Nimesimamia Mgeni," alisema. "Ndiye alitangulia chini."

Stima sijui ilirudi saa ngapi, tulikuwa tumelala. Asubuhi kabati lilikuwa limepoteza kioo kimoja na mimi nilikuwa na unga uliokauka mahali pabaya. Ilikuwa Jumatatu, siku ya Thika. Tulipanda matatu, Mama akatia gongo moja tu. La pili alikuwa ameliacha nyumbani bila kutuambia.

Fizio alibonyeza goti, akatafuta uvimbe mpya, hakuona. Akalaza rula. Akaiondoa, akailaza tena.

"Mia na nne," alisema. "Alhamisi tulikuwa tisini na sita. Shosho, mmefanya nini?"

Mke wangu alinitazama mimi. Mimi nilitazama picha ya uti wa mgongo ukutani.

"Tulikosa stima, daktari," Mama akasema.